Chupa ya Mvua ya Shelui

Jamani, niacheni nipumue kwanza. Tangu nishuke kwenye basi nikiwa na ndoo ya chupa, jogoo mzima na hotipoti isiyo yangu, kila ninayekutana naye hapa mtaani anauliza swali moja: Mwanaidi, ni kweli ulikwenda Singida kuchukua mvua? Ni kweli. Nimeshasimulia dukani, nimesimulia kwenye foleni ya bomba, na kila mara nasimulia kwa pupa mpaka naruka sehemu nzuri. Sasa nimeamua kuiandika yote, mpitishiane wenyewe.

Kwa wasiojua kazi yangu, mimi ni fundi wa maabara ya maji. Maji ya mvua yanafanana yote ukiyatazama kwenye ndoo, lakini ndani yake kuna chembe nyepesi, ambazo ndizo nyingi mno, na chache zilizo nzito kidogo. Wataalamu huziita isotopu. Maji ya bahari yanapogeuka mvuke, nyepesi ndizo zinazotangulia kupanda. Mvuke unapogeuka mvua, nzito ndizo zinazotangulia kushuka. Kwa hiyo wingu likitoka pwani kwenda bara, huku likinyesha hapa na pale, linabakiwa na maji mepesi zaidi na zaidi. Ukiipima mvua iliyoanguka uani kwako, unaweza kujua mengi kuhusu safari ya wingu lililoileta.

Mimi nilitaka kujua habari za mawingu ya Singida. Mkuu wangu wa maabara alikubali tujaribu msimu huu mmoja tu, kwa chupa nne: Kilimatinde upande wa mashariki, kisha Ikungi, kisha Kiomboi, na mwisho Shelui upande wa magharibi. Zikitimia nne, kazi itaendelea. Ikikosekana moja, hasa ya Shelui ambayo ndiyo mwisho wa mstari, tunafunga na mimi narudi kupima klorini. Alisema hivyo mbele ya wenzangu huku akitabasamu, na lile tabasamu lilinikaa kooni njia nzima.

Morogoro hadi Kilimatinde

Mpaka Dodoma nilikwenda kwa treni, na hapo sina la kusimulia kwa sababu nililala. Simulizi inaanza kwenye basi la Manyoni. Nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mwenye mafurushi matatu miguuni. Aliona ndoo yangu ya chupa tupu akaniuliza kama nauza mafuta ya upako. Nikamwambia naenda kuchukua mvua. Akasogea kidogo upande wa dirisha.

Nikaona nisimwache na hofu. Nikamwambia afikirie basi letu: abiria wenye mizigo mizito wakishuka vituo vya mwanzo, sisi tutakaofika mwisho tutakuwa watu wa mikoba tu. Wingu nalo liko hivyo. Akafikiri, akatazama mafurushi yake, akasema basi yeye ni mvua ya Manyoni. Tukacheka mpaka kondakta akageuka. Tulipofika Manyoni alishuka na mizigo yake yote, akaniaga kwa kupunga mkono kama tunafahamiana tangu utoto.

Kilimatinde iko juu ya mlima, na bodaboda iliyonipandisha ilikuwa ikikohoa. Lakini ukifika juu unasahau yote. Unasimama pembeni mwa kijiji, unalitazama bonde lote la upande wa Bahi liko chini yako, na mawingu yanakuja kutoka mashariki yakiwa usawa wa macho. Nilisimama pale nikiwa na kofia ya pikipiki kichwani, nikajisemea kwa sauti kwamba ningepewa nyumba hapa nisingefanya kazi nyingine yoyote.

Chupa ya Kilimatinde ilikuwa kwa katekista mmoja, mzee Lazaro, na mkewe Mama Grace. Niliwapa shikamoo, wakaitika, nikakaribishwa kiti, na mzee akaniletea chupa yake aliyoibeba kwa mikono miwili. Ilikuwa karibu kujaa. Mvua ilikuwa nzuri upande wao, na ile tabaka nyembamba ya mafuta niliyoiweka kabla ya msimu ilikuwa bado inaelea juu ya maji. Mafuta yale ndiyo ulinzi wenyewe. Bila hayo maji yanakauka kidogo kidogo, chembe nyepesi zinaondoka, nzito zinabaki, na chupa inaanza kusema uongo. Nikaifunga, nikamwachia chupa mpya, nikawa tayari kuondoka.

Lakini sikuondoka. Mama Grace alisema nisubiri chakula, kisha akapotea. Mzee Lazaro naye akapotea. Nikakaa peke yangu sebuleni na kalenda ya kanisa na saa ya ukutani, njaa inauma, nikaanza kuhisi wamenisahau au nimewaudhi. Jua liligeuka kabisa upande wa pili. Mwishowe nikamwona mzee anarudi kwa miguu, jasho linamtoka, ameongozana na mzee mwingine mwenye kofia ya kiua. Kumbe walikwisha kukamata kuku, ila hawakutaka kumchinja wenyewe wakati mgeni wao ni Mwislamu, na Mwislamu wa karibu alikuwa shambani kwake, mbali. Mzee Lazaro alikuwa amemfuata huko huko. Kuku akachinjwa kwa Bismillahi, akapikwa taratibu, na sote wanne tukala sahani moja. Niliona haya kwa yote niliyoyawaza pale sebuleni.

Wakati wa kuaga, Mama Grace alinitilia karanga kwenye mfuko. Alisema nimewaachia chupa, basi nisiondoke mikono mitupu. Nikashukuru bila kuwaza zaidi.

Kilimatinde hadi Ikungi

Basi la kwenda Singida lilichelewa Manyoni kwa sababu ya tairi, kisha kwa sababu ya dereva kumtafuta aliyeondoka na spana. Sikujali. Nilikuwa na chupa moja kamili, karanga, na benchi lenye kivuli.

Ikungi nilipokewa na mzee Salim, mkulima wa vitunguu na alizeti, mtu wa maneno mengi kuliko mimi, na mnajua hilo si jambo dogo. Mzee huyu hapigi simu. Anatuma ujumbe wa sauti, mrefu, unaoanza kwa salamu za nyumba nzima, mtu mmoja mmoja, na kuishia kwa dua. Alikuwa amenitumia wa aina hiyo karibu kila mvua iliponyesha. Nilikuta chupa yangu imezungushiwa boma la miiba mpaka nikashindwa kuifikia. Nilipouliza, akasema mbuzi. Mkewe, Bi Halima, akasema si mbuzi, ni majirani.

Kumbe majirani walikuwa wakibishana msimu mzima kuhusu ile chupa. Mmoja alidai natengeneza dawa. Mwingine alidai nikiondoka na mvua yao, mvua itanifuata. Jioni ile walikuja watatu, wakakaa, wakasalimia, wakaongea Kinyaturu na mzee Salim kwa muda mrefu huku wakinitazama. Nikasubiri kwa wasiwasi. Mwishowe mzee akanitafsiria: wanauliza kama mvua ya kwao ni nzuri kuliko ya Kilimatinde.

Nikawaeleza ukweli, kwamba hakuna nzuri wala mbaya, ila nategemea ya kwao kuwa nyepesi zaidi maana iko mbali zaidi kutoka baharini. Nikaongeza kwamba mvua kubwa ya kumwagika nayo huwa nyepesi kuliko manyunyu, na kwamba matone yakipita kwenye hewa kavu yanapoteza chembe nyepesi kabla hayajafika chini. Mmoja alisema basi mambo ni mengi. Nikamwambia mengi sana, na ndiyo maana silali. Wakaridhika, tukala ugali wa uwele na mlenda, na wale majirani walioniona mganga ndio waliomaliza karanga zangu.

Asubuhi chupa ilitoka ndani ya boma ikiwa imejaa vizuri. Nikaweka mpya. Bi Halima naye akasema nisiondoke mikono mitupu, akanikabidhi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nilijaribu kukataa kwa adabu. Mzee Salim akakunja uso, na nikampokea jogoo.

Ikungi hadi Kiomboi

Kuanzia hapa tulikuwa wawili, mimi na jogoo. Singida mjini tulipanda Noah ya Kiomboi, ambayo haiondoki mpaka ijae, na ikijaa inaongeza wengine. Jogoo alikaa kwenye mapaja yangu akimtazama abiria wa mbele kwa jicho moja. Kijana mmoja alinishauri nimpe jina. Nikakataa, kwa sababu nilijua mwisho wake ni chungu.

Kiomboi nilikwenda kwa Mama Elia, muuguzi mstaafu. Huyu alitunza chupa yangu kama mgonjwa. Aliifunika, akaibandika plasta yenye jina lake, na kila mvua ikikatika alikwenda kuitazama akiwa amenawa mikono. Aliniuliza kama mafuta yanahitaji kuongezwa dozi. Nikamwambia hapana, akaonekana kusikitika kidogo.

Chupa yake ilikuwa safi na imejaa, nikaweka mpya. Sasa nilikuwa na tatu. Nilishindwa kukaa kitini. Nilimweleza Mama Elia jinsi mstari utakavyokuwa: Kilimatinde nzito, Ikungi nyepesi, Kiomboi nyepesi zaidi kwa kuwa iko mbali, tena juu ya mlima, na Shelui mwisho kabisa. Nilichora hewani kwa kijiko cha chai. Yeye alisikiliza kwa utulivu kisha akaniuliza kama huwa nakula kwa wakati. Nikaondoka Kiomboi na chupa ya asali ya nyuki wadogo, nimeambiwa tena maneno yale yale kuhusu mikono mitupu.

Kiomboi hadi Shelui

Kutoka Kiomboi nilifika Misigiri, njia panda ya barabara kuu, na hapo mabasi yote ya kuelekea Nzega yalipita yamejaa. Nikasubiri mpaka jogoo akachoka kuwika. Lori la mzigo likasimama. Dereva, mtu mzima wa Tabora, alinipa lifti kwa sharti moja: jogoo akae kwa utingo nyuma.

Dereva huyu hakukubaliana nami hata kwa jambo moja. Kwake maji ni maji. Nilimweleza habari za chembe nzito na nyepesi tangu Misigiri mpaka tunaanza kushuka mlima Sekenke, na hapo akaniambia ninyamaze, mlima huu haupendi maneno. Tukashuka polepole, gia ya chini, breki zinalia, nami nimeshika ndoo yangu kwa mikono na magoti. Chini kabisa, tambarare ilipofunguka, alishusha pumzi akasema sasa naweza kuendelea. Mimi nilikuwa bado nimekumbatia ndoo. Ila niliona jambo moja: huku chini joto lilikuwa jingine kabisa, na hewa ilinuka nyasi mbichi.

Shelui ni mji wa malori. Chupa yangu ilikuwa nyuma ya kibanda cha chakula cha Mama Shani, mama lishe ambaye hana muda wa kukaa lakini ana muda wa kila mtu. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akanikumbatia, akamtazama jogoo, akaniuliza kama nimeolewa njiani. Akanikalisha, akanipa wali na maharage, kisha akaenda kuleta chupa.

Aliileta kwa furaha, ameifuta imeng'aa. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu nikashika chupa na mkono ukateleza. Mafuta yalikuwa nje, yamemwagikia ubavuni. Ndani hayakuwepo. Tena njia nzima nilikuwa nimesikia kwamba Shelui mvua zimekuwa chache mwaka huu, na mashamba niliyopita yalionyesha hivyo. Nikamuuliza taratibu kama mvua ilinyesha sana.

"Wapi, mdogo wangu. Ilikuwa nusu tu," akasema. "Nikasema leo mgeni wangu anafika, nitamrudishiaje chombo chake nusu? Nikaongezea kutoka kwenye dumu, maji safi kabisa ya bomba."

Niliweka kijiko chini. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu kuna wenzangu kazini waliposikia walicheka. Sikumwona mjinga hata kidogo. Mimi nimelelewa na mama ambaye jirani akituletea mboga kwenye bakuli, bakuli lile haliwezi kurudi bila kitu ndani, hata iwe ndizi mbili. Nimetumwa mara ngapi na bakuli la watu lenye chumvi kidogo? Karanga za Mama Grace, jogoo wa Bi Halima, asali ya Mama Elia, vyote vilikuwa jambo hilo hilo, na mimi nilivipokea njia nzima bila kufikiri kwamba chupa zangu nazo ni vyombo vya jirani. Maelekezo yangu yalikataza kila kitu: usifungue, usitikise, usiweke juani. Hayakukataza adabu.

Nikamweleza Mama Shani. Nilijitahidi kusema kwa upole. Nilimwambia ndiyo ya mwisho, ndiyo yenye kumaliza mstari, na bila hiyo kazi inafungwa. Alikaa chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimekuharibia."

Kusema hapana kungekuwa uongo, na kusema ndiyo sikuweza. Alinipa godoro chumbani kwake na sote wawili tukajifanya tumelala.

Shelui, siku ya wingu

Asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda nikisubiri basi la kurudi, nimenuna, jogoo chini ya meza. Simu ikaita. Alikuwa mzee Lazaro wa Kilimatinde. Nyuma yake nilisikia bati linanguruma, ikabidi apaze sauti: mvua kubwa ilianza alfajiri, inatoka upande wa bonde, hawajaona kama hiyo msimu huu, na je, ile chupa mpya inatosha?

Nilisimama mpaka benchi likaanguka. Ile chupa mpya! Kote nilikopita nilikuwa nimeacha chupa mpya, tupu, zenye mafuta yake. Chupa tatu ziko tayari, na ya nne ninayo humu ndooni. Nilikuwa nalilia maji ya msimu mzima yaliyochanganyika, kumbe naweza kupata kitu bora zaidi: mvua ya siku moja, mkondo mmoja wa mawingu, sehemu nne. Nilimwambia mzee Lazaro mvua ikikatika tu aitoe chupa, aifunge, asiongeze hata tone. Akauliza kwa nini aongeze. Nikasema nitamweleza.

Nikampigia mzee Salim, nikampigia Mama Elia, nikawapa maneno hayo hayo. Kisha nikamwita Mama Shani, tukaenda nyuma ya kibanda kuweka chupa mpya na faneli, mafuta kidogo. Anga ya Shelui ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakuna hata kipande cha wingu.

Nikasema haitafika. Mama Shani akasema tupike kwanza.

Basi la kurudi lilipita na sikulipanda. Habari zikaenea kibandani kwamba kuna mvua inasubiriwa. Madereva waliokuja kunywa chai wakaanza kuulizana imefika wapi. Karibu na adhuhuri ukaingia ujumbe wa sauti wa mzee Salim. Tuliusikiliza kwa spika, kibanda kizima, na safari hii hapakuwa na salamu za nyumba nzima. Kulikuwa na mvumo mtupu, mvumo mzito wa mvua juu ya bati, na katikati yake sauti ya mzee ikisema, "Unasikia? Unasikia?" Watu walishangilia kama mpira umeingia wavuni. Dereva mmoja akaomba ujumbe ule uchezwe tena.

Nieleweke, si wingu lile lile linalotembea kama basi kutoka Manyoni. Moja linanyesha na kuisha, jingine linazaliwa mbele yake kwa mvuke unaobaki. Niliwaeleza hivyo pale kibandani na hakuna aliyenisikiliza. Kwao lilikuwa wingu moja, linakuja, na mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Alasiri Mama Elia akapiga. Kiomboi imeshika, inanyesha vizuri, tena ameshanawa mikono. Niliangalia mashariki, juu ya Sekenke. Mlima ulikuwa umepotea. Badala yake palikuwa na ukuta wa rangi ya bluu iliyoiva. Mama Shani aliacha sufuria jikoni, akaja kusimama karibu nami, mikono kiunoni. Upepo ukapiga ghafla, vumbi la barabara likanyanyuka, mifuko ya plastiki ikaruka, na jua likazimika. Kisha hakuna. Dakika zikapita hakuna. Nilihisi machozi yananisogea.

Tone la kwanza lilimpiga Mama Shani kwenye paji la uso. Akaligusa kwa kidole, akanionyesha.

Ikaja. Haikuwa kubwa, siwadanganyi, lakini ilikuwa mvua ya kweli, ya kulowesha. Tulisimama wawili nyuma ya kibanda, tumelowa chapachapa, tukitazama chupa kama watu wanaotazama maziwa yasichemke yakamwagika. Matone yalitiririka kwenye faneli yakapita chini ya mafuta. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nadhani niliimba kidogo pia.

Ilipokatika, chupa ilikuwa nusu.

Mama Shani aliiinua. Akaitazama mwangani. Akatazama dumu lililokuwa pembeni ya mlango. Nikamtazama usoni na niliona mapambano ya kweli pale, mama mtu mzima anashindana na malezi yake yote. Nikamwambia, "Dada yangu, nusu hiyo hiyo."

Akanikabidhi, lakini mkono wake haukuachia upesi. Kisha akaingia ndani kwa hasira kidogo, akatoka na hotipoti kubwa ya maua mekundu, aliyoishindilia wali, nyama na chapati mpaka mfuniko ukawa haukai vizuri. Akasema hiyo nayo ni chombo, na hiyo imejaa, na nisimwambie neno.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile nikikusanya chupa zilizobaki: Mama Elia na plasta yake, mzee Salim na boma lake, mzee Lazaro aliyetaka kujua kwa nini mtu aongeze maji. Nilipomweleza, Mama Grace alishika mdomo akasema hata yeye alifikiria. Jogoo nilimwonea aibu kumpandisha treni, kwa hiyo kutoka Dodoma tulikuja kwa basi. Ile hotipoti ilinilisha njia nzima.

Sasa majibu, ndiyo mliyoyangoja. Tulipima. Kilimatinde nzito. Ikungi nyepesi. Kiomboi nyepesi zaidi, sawasawa na kijiko changu cha chai. Na Shelui, ambako mstari ulipaswa kushuka mpaka chini kabisa, ukapanda. Maji ya Shelui yalikuwa mazito kuliko ya Kiomboi.

Mkuu wangu akatabasamu lile tabasamu. Akasema mama yule ameongeza tena ya bomba. Nilimwambia nilikuwa nimesimama pale, nimelowa, sikupepesa macho. Akasema basi matone yalikauka yakishuka kwenye joto la chini ya mlima. Hilo nililifikiria hata mimi, lakini chembe nzito za maji ni za aina mbili, zenye oksijeni nzito na zenye haidrojeni nzito; matone yakikauka njiani uwiano wake hubadilika kwa namna moja, na katika maji haya ulibadilika kwa namna nyingine. Yalielekea kuwa na mvuke uliopanda upya kutoka ardhini: kwenye mbuga ya majimaji ya Wembere pale chini ya Sekenke, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye nyasi na miti iliyokunywa mvua za wiki zilizopita ikaanza kupumua. Alichukua karatasi akaangalia muda mrefu. Siku moja haithibitishi jambo, alisema, na ni kweli. Kisha akasema msimu ujao tuweke chupa ya tano ng'ambo ya Wembere. Safari hii hakutabasamu, na mimi nilikwenda chooni nikaruka ruka.

Nilimpigia Mama Shani siku hiyo hiyo. Nilimwambia kazi inaendelea na kwamba hakuharibu kitu. Nikamweleza kwa maneno mepesi kwamba wingu lilifika kwao likiwa limenyesha njia nzima, limebakiwa na kidogo, na inaonekana ardhi yao ikaliongezea maji yake kabla halijapita. Nilisikia sufuria zikigongana.

"Sasa mlitaka tuliachie lipite nusu?" akasema.

Hotipoti yake iko juu ya kabati langu, nimeisugua imeng'aa, na kila nikiitazama naona haya. Naipeleka Shelui mwenyewe mvua zikikaribia. Ninyi mliokuwa mnanisumbua na maswali, mwenye ndizi nzuri za Matombo au chochote kisichoharibika njiani, alete nyumbani mapema, kwa sababu ile hotipoti ni kubwa.